Tabasamu la Dirisha la Maulizo

Ulitazama pembeni. Usinibishie, nilikuona. Nilikuwa juu ya ngazi katikati ya ukumbi wa mapokezi nikitoa taa iliyoungua, na mtu aliye juu ya ngazi huona vichwa vyote na anajua kila kichwa kimegeukia wapi. Chako kiligeukia kalenda ya ukutani. Kalenda ile ni ya mwaka jana. Ukaisoma kama vile imetangaza nyongeza ya mshahara.

Na hukuwa peke yako. Yule wa dirisha la kadi aliinama chini kutafuta kalamu iliyokuwa sikioni mwake. Wa dirisha la malipo alishusha pazia wakati foleni yake imefika mlangoni. Mlinzi, mwanamume mwenye kifua kama kabati la nguo, aligundua ghafla kwamba kamba ya kiatu chake imelegea. Na wote mlikuwa mmetoka juzijuzi kufundishwa, tena kwa chakula cha bure na maji ya chupa, jinsi ya kumtazama mtu machoni.

Basi nitalisimulia jambo lenyewe tangu mwanzo, kwa sababu ninyi mnajifanya hamnazo na mimi nina ugonjwa wa kukumbuka. Nakumbuka hata walipofukuzwa wale wa kufulia, mashuka yakaanza kurudi wodini na madoa yake, na mtu mmoja akasema chumba cha chai kwamba afadhali ni wao. Namjua aliyesema. Hayo tuyaweke kiporo.

Mwanamke wa Dirisha la Maulizo mnamwita Sindano. Hajawahi kumchoma mtu sindano maishani mwake; jina amepewa na ulimi wake. Ni dada yangu, tumbo moja ziwa moja, na ulimi huo umenichoma tangu sijaota meno, kwa hiyo sikuja hapa kumpamba. Ana maringo. Anakunywa chai ya wenzake bila kuomba. Daktari mmoja aliyezoea kumpita bila salamu aliambiwa mbele ya wagonjwa, “Dokta, shingo ndiyo inauma au sisi ndio hatuonekani?” Mpaka leo dokta yule anasalimia hata milango.

Kazi yake ni kujibu swali moja tu: mtu wangu yuko wapi? Watu wanaleta jina, yeye anatazama kwenye kompyuta, anawaambia wodi ya juu, wodi ya chini, yuko kwenye upasuaji, karuhusiwa jana. Na mara nyingine kompyuta inamwambia kwamba mtu huyo amekufa. Kwa utaratibu, daktari ndiye anayepaswa kuwapa ndugu habari hiyo. Lakini daktari ana wodi mbili na hajalala. Kwa hiyo habari inamwangukia mwenye dirisha.

Hapo dada yangu alikuwa na namna yake, na wewe uliye dirisha la pili unaijua kuliko mimi. Hakuwa anasema neno kupitia kile kioo chenye matundu. Alizima skrini, akainuka, akapita mlango mdogo wa pembeni, akatokea upande wa watu. Akasimama karibu nao kiasi cha kushikika. Ndipo akasema, kwa neno lenyewe, bila kulizungusha: amefariki. Ukumbi wote ulishazoea. Sindano akiinuka, foleni inanyamaza. Waliokaa benchi la mbele wanahama bila kuambiwa. Mwenye mtoto anayelia anatoka naye nje. Yule mwenye msiba alikuwa bado hajaambiwa, ila alikuwa ameshaona, na palikuwa na mtu wa kumdaka.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa huruma tupu. Alianza, kwa maneno yake, baada ya mwanamume mmoja aliyeambiwa kupitia kioo kukipiga ngumi hicho kioo, vipande vikamwingia yeye kwenye nywele. “Nilichoka kuchambua chupa kichwani,” alisema. Hata hivyo ilifanya kazi. Watu walilia wakiwa wameshikwa.

Kisha wakubwa wakasikia kwamba hospitali yetu inalalamikiwa. Watu wanasubiri mno, dawa hazipo, vitanda wanalala wawiliwawili. Wakakaa, wakafikiri, wakagundua ugonjwa: nyuso zetu. Badala ya kuongeza madaktari wakaamua kuongeza meno.

Wakaleta Mkufunzi.

Unamkumbuka. Suti ya buluu iliyombana, soksi zenye vibata, kipaza sauti kimebandikwa shavuni kana kwamba bwalo letu la kulia ni uwanja wa mpira. Alisema maneno ni sehemu ndogo ya mawasiliano. Sehemu kubwa ni uso, mikono, mgongo na sauti. Hilo silikatai, hata mtoto mchanga analijua na hajalipwa. Akatupanga wawiliwawili tutazamane machoni bila kupepesa. Wewe ulipangwa na dereva wa gari la wagonjwa, mkachekana mpaka ukatoka kwenda kunawa uso. Akafundisha viganja viwe wazi juu ya meza, mgongo uinamie mbele kidogo, mikono isikunjwe kifuani, meno ya juu yaonekane. Mhudumu haondoki kwenye kiti chake, maana akiondoka anavunja kile alichokiita daraja. Halafu akataja maneno yaliyopigwa marufuku: hapana, hatuna, sijui, amefariki.

Sindano akanyoosha mkono.

“Mwalimu, mtu wake akiwa amekufa nasemaje?”

“Neno hilo hatulitumii, dada. Linafunga mlango. Tunatumia lugha chanya.”

“Kwa hiyo hajafa.”

Watu wakacheka. Na wewe ulicheka, nakumbuka ulivyojifuta macho kwa kitambaa cha meza.

“Tunasema hivi,” Mkufunzi akaendelea, na kila mtu bwaloni akamsikia, kwa sababu kile kipaza sauti kingesikika hata mochwari. “Mgonjwa wako amehamishiwa huduma nyingine. Tafadhali kaa, utahudumiwa hivi punde. Unasema kwa tabasamu.”

“Tabasamu la nini?”

“La faraja.”

“Nionyeshe.”

Akamwonyesha. Sindano akalitazama lile tabasamu kwa utulivu, akiinamisha kichwa huku na huku kama anayechagua nyanya.

“Hilo, kaka yangu, ni la mtu aliyekuuzia simu mbovu.”

Bwalo likaangua kicheko. Mkufunzi naye akacheka, maana alishasomea jinsi ya kucheka ukichekwa. Afisa Utumishi hakucheka. Yule bibi ambaye viatu vyake hufika kabla yake alikuwa amesimama karibu na birika la chai, akasema kwa sauti ya upole ile ya kukuambia umekwisha, “Utaratibu umetolewa. Kuanzia Jumatatu ndio utakaofuatwa madirisha yote.”

Hiyo pia uliisikia. Wakati wa chai ulimvuta dada yangu pembeni. “Si useme tu ndiyo, dada. Hawa wanakuja wanapita.” Ushauri mzuri kabisa. Hao kweli wamepita. Aliyebaki na kesi ni yeye.

Jumatatu ikafika na vioo vidogo vya kujitazamia, kimoja kila dirisha, kwenye usawa wa uso, ili mhudumu ajione anavyong'ara. Kamera iliyokuwa inatazama foleni kwa ajili ya wezi ikageuzwa imtazame mfanyakazi. Wezi wakapumua. Sindano akapata onyo la kwanza kwa kukunja uso na la pili kwa kuondoka kitini, maana aliendelea kuinuka kama zamani. Afisa Utumishi akamwita juu, akamkaribisha kiti, akamwambia la tatu halitakuwa onyo.

Nyumbani kwa dada yangu wanaishi watatu. Yeye, binti yake anayesomea uuguzi, na mama yetu ambaye hatoki tena kitandani. Kila kijiko kinachoingia midomoni mle kinatoka kwenye lile dirisha. Jioni hiyo nilimkuta amesimama mbele ya kabati la vyombo lenye kioo, anajinyoosha midomo.

“Unamchekea nani?” mama akauliza kutoka kitandani.

“Kazi, mama.”

“Kazi imekuchekesha nini?”

Binti yake akasema, “Mama, teremsha mabega. Unaonekana kama unabanwa na choo.” Sote tukacheka, hata yeye, na lile lilikuwa tabasamu la kweli, lakini si lile walilolitaka.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Kaa vizuri.

Alikuja mwashi mmoja, saruji bado ipo kwenye kucha. Yeye na mwanawe walikuwa wanajenga pamoja. Kijana aliteleza kwenye jukwaa la mbao, akaanguka, akaletwa hapa jana yake na kuwekwa chumba cha mahututi. Na wewe unajua, na kila anayelala kwenye vibaraza vya hospitali hii anajua: mgonjwa akihamishwa kutoka chumba cha mahututi, hiyo ni habari njema. Anapelekwa wodini. Watu wanapeana mikono.

Mwashi akainama kwenye matundu ya kioo. “Habari ya asubuhi, dada.”

“Nzuri, kaka. Nikusaidie nini?”

Akataja jina la mwanawe. Dada yangu akaandika, akasubiri, akasoma. Kutoka juu ya ngazi niliona mikono yake miwili ikikamata kiti huku na huku, kama ya mtu anayetaka kuinuka. Juu ya kichwa chake kamera. Nyuma yake mlango wa ofisi uko wazi nusu, na kwenye uwazi huo yupo Afisa Utumishi, na pembeni yake Mkufunzi, aliyekuja siku hiyo kuona mafunzo yake yamezaa nini. Uliwaona. Uliwahi hata kuwaonyesha meno yako ya juu.

Sindano akabaki amekaa. Akafungua viganja, akainamia mbele, akatabasamu.

“Mgonjwa wako amehamishiwa huduma nyingine. Tafadhali kaa, utahudumiwa hivi punde.”

“Amehamishwa?”

“Tafadhali kaa, kaka. Utahudumiwa hivi punde.”

Mwashi akaupiga ubao wa dirisha kwa kiganja, polepole, mara moja. “Nilijua,” akasema. “Yule mtoto ana kichwa kigumu kama mama yake.” Akageuka, akawaambia watu wa benchi, watu wasiomjua wakampa pole na hongera kwa pamoja. Akatoa simu.

“Katoka,” akasema. “Katoka mle ndani, wamemhamisha… Mimi nimeambiwa na dada wa dirishani, mwenyewe anacheka… Sasa unalia nini? Basi lia. Mletee shati, asikae na yale magauni yao yaliyo wazi mgongoni.”

Ukumbi mzima ulimsikia. Skrini yako inaonyesha kilekile inachoonyesha ya dada yangu, kwa hiyo ulikuwa unajua mwanamke anaambiwa alete shati la nani.

Kisha mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka yule mhudumu wa mochwari mwenye gauni la kijani, akaita jina. Sisi tunaijua rangi ile. Mwashi hakuijua. Akaenda mbiombio, na nilimsikia akimuuliza njiani kama wodi hiyo wanaruhusu chakula cha nyumbani.

Hakuchukua muda. Alirudi akiwa ameshika ukuta. Watu wa benchi walioanza kumtabasamia wakaacha midomo ilipofikia. Hakupiga kelele, ningependa sana angepiga. Alikwenda mpaka dirishani, akainama palepale kwenye matundu.

“Dada. Mbona ulicheka?”

Sindano, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alivifunga viganja vyake.

“Nakuuliza tu. Ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

“Na ukacheka.”

“Nilicheka.”

“Mke wangu ameshawaambia watu.”

Ndipo dada yangu akageuza uso, akakutazama wewe. Hakutaka umtetee. Alitaka mtu mmoja wa kumwambia yule baba kwamba tumeagizwa, kwamba wote hapa tumeagizwa, ili asirudi nyumbani akiamini kuna mwanamke duniani aliyeufurahia msiba wake. Ilikuwa sentensi fupi kuliko ile ya Mkufunzi. Hapo ndipo uliposoma kalenda.

Mwashi akangoja kidogo, akaondoka. Na mimi kutoka kule juu, waya mkononi, nikamsikia Mkufunzi akimnong'oneza Afisa Utumishi kwenye ule uwazi wa mlango: “Kiganja cha kushoto hakikufunguka vizuri. Ndiyo maana ujumbe umepotea.”

Nimesikia mambo mengi ya kipumbavu katika kazi hii. Nimewahi kusikia waziri akiisifu jenereta isiyokuwa na injini. Lakini hili nitazikwa nalo.

Kuanzia kesho yake dada yangu akarudia kuinuka. Kamera ikaona. Unaweza kudhani wangemshtaki kwa hilo, na wangekuwa wapumbavu wa kawaida tu. Wao ni zaidi ya hapo. Mwashi alikwenda kwa Mkurugenzi akalalamika kwamba amechekwa msibani, ikabidi apatikane mwenye kosa. Wakamshtaki Sindano kwa kumcheka mfiwa. Na utaratibu je? Ule wa bwaloni? Sasa wanasema haukuwahi kuwapo. Mafunzo yalikuwa ya mdomo, picha zake za kufundishia zilikuwa kwenye kompyuta ya Mkufunzi, na kompyuta ya Mkufunzi imeondoka naye. Hakuna kilichobaki isipokuwa masikio ya waliokuwapo.

Kikao cha kwanza kilifanyika juu, kwenye kile chumba chenye viti vya kuzunguka. Niliingia kama shahidi, nikasema yote haya. Mwenyekiti akanisikiliza kwa heshima, akauliza, “Wewe ni nani wake?” Nikasema kaka. “Asante,” akasema, na hapo maneno yangu yakawa uchafu wa kufagia. Waliniruhusu kukaa nyuma.

“Nani alikuambia utabasamu?” Afisa Utumishi akamuuliza dada yangu.

“Huyo hapo.”

Mkufunzi akaweka viganja wazi mezani. “Nilifundisha tabasamu la jumla. Mhudumu mwenye weledi anatambua mazingira.”

“Nilikuuliza bwaloni. Nikakuambia amekufa, nasemaje. Ukanionyesha meno.”

“Sikumbuki mazungumzo hayo.”

Sindano akaegemea nyuma, akakunja mikono kifuani. Mkufunzi akaruka kama aliyeokota kitu. “Mnaona? Mikono imekunjwa. Hiyo ni dalili ya mtu anayejihami.”

“Nimeshtakiwa,” akasema. “Ulitaka nipige makofi?”

Mwenyekiti akakohoa. Akauliza kama kuna mfanyakazi mwingine aliyesikia swali hilo likiulizwa bwaloni na jibu likitolewa. Wakakuita wewe, wa dirisha la pili. Uliingia na mgongo ulioinamia mbele kidogo, viganja vikiwa wazi, uso unang'aa. Mwanafunzi bora. Ukasema, “Bwaloni kulikuwa na kelele. Sikusikia vizuri.”

Hukusikia vizuri. Ulijifuta machozi ya kicheko kwa kitambaa cha meza na hukusikia ulichokuwa unakicheka.

Walipoahirisha, dada yangu alikufuata kwenye kibaraza cha ghorofa ya juu. Nilikuwa nyuma yenu.

“Usinitazame hivyo,” ulimwambia. “Mimi nina watoto.”

“Na mimi nimezaa paka?”

“Dada, usiniingize kwenye mambo yenu.”

“Yetu na nani? Wewe hiyo sentensi umeisema mara ngapi tangu Jumatatu ile?”

Ukatazama saa yako.

“Nimekusikia ukiisema,” akasema Sindano. “Tuko ukuta mmoja. Wewe bahati yako wako hawakurudi kukuuliza. Watarudi. Na wakirudi, kwenye kiti changu utakuwa umekaa mgeni, naye atakuwa na watoto.”

Ukasema unawahi zamu. Ngazi ulizishuka kama unakimbia mvua.

Mimi nilikwenda kwingine. Nilimtafuta mwashi mpaka nikampata kazini, kwenye jengo lilelile, juu ya jukwaa lilelile la mbao, maana nyumba ya tajiri haisubiri mtu azike vizuri. Nikajitambulisha kwamba mimi ni kaka wa yule aliyecheka. Alinitazama kwa muda akiwa na mwiko mkononi, nikafikiri leo ndiyo leo. Nikamweleza. Bwalo, sentensi, kioo cha kujitazamia, kamera. Alikuwa anaweka tofali huku akinisikiliza, analigonga, analisawazisha. Nilipomaliza akauliza swali moja.

“Kuna mtu anafundisha hayo? Analipwa?”

“Analipwa.”

Akaweka mwiko chini. “Mimi sina haja dada yako afukuzwe. Nilimwona uso wake niliporudi, aliumia. Nataka kumwona huyo mwalimu. Nataka anicheke na mimi, vilevile alivyofundisha, nikiwa mbele yake.”

Anakuja kesho. Nimemwambia saa, nimemwambia chumba. Mkufunzi naye atakuwepo, ameitwa tena. Mwashi atasimama mbele ya kikao na kuuliza ni nani aliyeamuru yule mwanamke atabasamu. Dada yangu atajibu, na watasema anajitetea. Mimi nitajibu, na watasema ni kaka. Halafu chumba kitanyamaza, na kwenye kimya hicho yule baba ataondoka na jibu lake: kwamba ni kweli, alichekwa na mwanamke mwenye roho mbaya, basi. Na Sindano atateremka ngazi na mkoba wake, aende kumweleza mama kitandani kwa nini binti hatamaliza chuo. Na Mkufunzi ataenda hospitali nyingine. Ameshaalikwa, nimesikia. Watu wanamtaka.

Au utakuwa umo ndani, na utasema.

Usinijie na habari ya sauti, kwamba hujui kuongea mbele za watu. Umefundishwa mpaka umehitimu. Usinijie na watoto wako. Wako watafika siku moja kwenye dirisha kama lile, wakiwa wanakuulizia wewe, na watajibiwa vile ulivyokubali watu wajibiwe. Usiniambie vilevile kwamba Sindano ana mdomo mchafu na alikunywa chai yako. Alikunywa. Mdai chai yako akishabaki kazini.

Katibu wa tawi letu la chama cha wafanyakazi yuko chumba cha boila la kuchemshia maji, ngazi za nyuma, anapokea majina ya mashahidi mpaka zamu ibadilike jioni hii. Baada ya hapo kikao hakipokei mtu mpya. Wa dirisha la kadi amesema ataenda kama wewe utaenda. Wa malipo amesema vivyo hivyo. Mlinzi amesema anawasubiri wa madirisha. Mmekaa mnasubiriana kama watu waliosahau nani ana ufunguo, na mwenye ufunguo ni wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeitwa na wewe ndiye uliyedanganya.

Kwa hiyo teremka sasa. Usimalize chai. Mwambie katibu: nilikuwa bwaloni, nilisikia, sentensi ilikuwa hii, aliyeitoa ni yule, aliyesema ifuatwe ni yule mwingine, na nilipoulizwa mara ya kwanza nilisema uongo. Kisha rudi dirishani kwako, na wa kwanza atakayekuja kuuliza mtu wake yuko wapi, mwambie ukweli. Chumba cha boila hakifungwi mlango. Nenda.